Usingizi wa Baba

Ng'ombe aliyempiga baba teke hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa mzee, mtulivu, ndiye aliyetumiwa kuwafundishia vijana wapya kukamua katika shamba la mzungu huko Lanet, tulikoishi miaka ya hamsini. Baba aliinama kumfungua kamba ya miguu, teke likampata juu ya sikio. Akaanguka, akainuka, akajipangusa mavi, na wenzake wakacheka: "Mzee, leo umesalimiwa!" Akamaliza kukamua ng'ombe wake wote. Aliwezaje, sijui mpaka leo.

Adhuhuri kichwa kilianza kumgonga. Mama akakifunga kwa leso, akaikaza sana, kama watu wote walivyofanya. Baba akatapika chai. Mama akasema ni nyongo. Kisha akalala, na mama akamshukuru Mungu kwa sauti.

Kwetu mgonjwa haamshwi. Usingizi ulikuwa dawa, tena ya bure. Basi mama akageuka askari. Alifukuza kuku mlangoni. Jirani aliyekuwa akipasua kuni aliombwa aache, akaacha. Sisi watoto tulipelekwa kucheza mbali, na aliyecheka alionja kofi. Nyumba zote za wafanyakazi zilinyamaza kwa ajili ya baba, nami nikaona fahari, maana hata nyapara hakuwahi kuheshimiwa hivyo.

Asubuhi alikuwa akikoroma vibaya, na mboni ya jicho moja imekuwa kubwa kuliko ya pili. Tulimwita, hakuitika. Lori la maziwa likatupeleka hospitali ya Nakuru. Daktari alimmulika macho, akaamuru ainuliwe kichwa na chumba cha upasuaji kitayarishwe. Dresa, msaidizi wa daktari, alitueleza polepole kwamba damu imevuja ndani ya fuvu, ubongo umefura na hauna pa kwenda, kwa hiyo watatoboa tundu dogo ili damu itoke. Halafu akauliza mgonjwa alianza kulala lini.

"Tangu jana mchana," mama akajibu, na nakumbuka alivyojinyoosha. "Hakuna mtu amemwamsha."

Baba alikufa kabla hawajamtoboa. Nilikasirika, na bado nimekasirika, ila sijapata wa kumkasirikia. Ng'ombe? Mama hakulia pale. Alimfuata dresa barazani, akamshika mkono wa koti.

"Kijana yangu, kama watoto wangepiga kelele, tungejua mapema kwamba haamki?"

Dresa akamwambia, "Mama, kaa chini kwanza."

Mama hakukaa. Akamuuliza tena.