Bi Mwamvua na Tajiri Aliyetununua Wote

Wapwa zangu, habari za Bi Mwamvua mtazisikia kwa wengi, lakini aliyemwokoa ni mimi, kwa hiyo nisomeni mimi.

Alizaliwa Tabora. Baada ya miaka mingi ya kuuza vitumbua stesheni ya Isaka, alihamia kwetu Kagongwa akiwa mjane. Mwaka 1962 alitukusanya watu arobaini, tukachanga, tukaanzisha kampuni ya mashine ya kukoboa mpunga. Kila mtu alipata hisa kadiri ya mchango wake, naye akawa mwenyekiti. Mimi nilifika darasa la nne, na la tano nililiona kupitia dirishani, basi nikapewa kazi ya kuandika katiba.

Miaka mitatu baadaye akatokea Akida, tajiri wa Kahama. Alikuwa na mashine yake, na yetu ilikuwa imemmalizia wateja. Akamwomba Bi Mwamvua amuuzie kampuni.

"Karibu uji, Bwana Akida," bibi akamjibu, na ndilo lililokuwa jibu lote.

Akida akapita uani. Akatuma watu nyumba hadi nyumba wanunue hisa kimya kimya, kwa bei maradufu. Kampuni hutekwa hivyo: mwenyekiti akikataa, unawanunua walio nyuma yake, na hisa zako zikipita nusu unaitisha mkutano na kumng'oa. Bibi angeng'oka, injini ingepakiwa kwenye lori, na wake zetu wangerudi kwenye kinu na mchi.

Siri ilitobolewa na Maduhu, mfugaji. Aliuza nusu ya hisa zake akanunua redio, na redio haifichiki.

Bi Mwamvua akaniita. "Onesmo, nisomee katiba yako."

Nikasoma. Kifungu cha saba: kila mwanachama ana kura moja.

"Moja kwa kila hisa?"

"Kwa kila mtu, bibi. Hata awe na hisa mia."

"Uliyatoa wapi haya?"

Nikamwambia niliona mbali. Ukweli ni kwamba nilinakili kitabu cha ushirika wa pamba, neno kwa neno. Kifungu cha kumi na mbili bado kinahusu marobota.

Kesho yake bibi mwenyewe akapita nyumba hadi nyumba. "Tajiri ana haja, msimnyime. Uzeni. Ila kila mtu abakize hisa moja."

"Moja ya nini, mayu, mama yetu?" Maduhu akauliza.

"Ya kuja nayo mkutanoni."

"Basi nami napata baiskeli," akasema Maduhu.

Siku ya mkutano Akida alikuja na lori na mafundi wawili, spana mkononi. Akatangaza kwamba hisa karibu zote ni zake, kwa hiyo mwenyekiti apishe. Nikasimama, nikakohoa, nikasoma cha saba. Akasema basi hisa zake atawagawia mafundi wapige kura. Nikasoma cha nane: mwanachama mpya hupokewa na mkutano. Mkutano ukawatazama mafundi, ukawakataa. Kumbe hata Akida mwenyewe alikuwa hajapokewa. Tukampokea, sisi si wakatili. Akapiga kura yake moja. Sisi tulikuwa thelathini na saba, maana watatu walishauza zote kabla bibi hajapita kwao.

"Lakini kampuni nimeinunua," akasema.

"Umeinunua," akajibu Bi Mwamvua. "Mashine ikikoboa, faida kubwa ni yako. Ikilala, umenunua karatasi."

Fundi mmoja akauliza kama waanze kufungua bolti. Akida akamwambia arudi kwenye lori.

Mavuno yaliyofuata alituletea mpunga wake mwenyewe toka Kahama, maana mashine yetu ikikosa kazi, hasara ni yake. Akapitiliza moja kwa moja hadi mlangoni.

"Mwenye hisa," bibi akamwita, "foleni inaishia kule kwa Klara."

Akaenda. Klara, jirani yetu, alikuwa na nusu gunia tu la mpunga. Akamtazama tajiri juu hadi chini, akamwambia, "Nishikie hili, baba, nakuja."

Akalishika. Na Klara, namjua mimi, hakuwa na haraka.