Nilivyopima ukungu uliojificha nyuma ya magunia kwa nailoni ya madaftari

Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni. Hapo ndipo ilipoanzia, na nina uhakika na saa kwa sababu niliiandika.

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimya kimya, sijawahi kuanzisha uzi. Nipo kidato cha tatu, Korogwe, natumia simu ya Mama na mwenyewe anajua. Haya yametokea nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi. Pale nilipofanya ujinga nimeuacha ulivyo.

Mnisamehe kwa urefu. Kuongea mbele za watu siwezi, ila kuandika nikianza sijui kuacha.

Nyumbani tupo wanne. Baba ni fundi mwashi, siku hizi kazi zake nyingi zipo Segera, anaondoka alfajiri anarudi jioni. Mama anauza nyanya na vitunguu sokoni. Kuna mimi, na kuna mdogo wangu Zulfa, miaka sita, tunalala kitanda kimoja.

Zulfa anakohoa.

Sio kikohozi cha mafua. Ni kile cha kukaa kitako usiku, unamshika mgongo, mbavu zinapanda na kushuka. Dawa za chupa tumemaliza nyingi. Hospitali daktari aliwahi kumuuliza Mama, "Nyumbani hakuna unyevu?" Mama akajibu hakuna, mume wangu ni fundi. Na aliamini hivyo kweli.

Sasa kuna kitu kimoja. Zulfa akienda Kang'ata, kule Handeni kwa Bibi mzaa mama, kikohozi kinaisha. Siku tatu, nne, kimya. Akirudi Korogwe wiki haiishi, ameanza.

Bibi ana maelezo yake. Zulfa ni jina la shule. Jina la nyumbani alipewa la mama yake Bibi, ambaye wanasema alikataa kuhama Kang'ata mpaka akazikwa hukohuko. Kwa hiyo Bibi anasema mwenye jina hapataki Korogwe.

Sicheki, wakuu. Kwetu jina ni kitu kizito, na ukimwona mtoto anavyopona akifika kule, hata wewe ungeamini. Mimi niliamini karibu mwaka mzima.

Turudi Jumanne.

Natoka shule, nikamkuta Mama uani anaongea na simu, kaweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na unga. Upande wa pili alikuwa Mjomba Mhina, kaka yake, anayekaa na Bibi.

"Dada, Jumamosi nakuja kumchukua. Nimeshaongea na shule ya huku, nafasi ipo."

"Atakaa mpaka lini?"

"Mpaka mwenye jina aridhike. Au mpaka aolewe." Akacheka peke yake.

Mama hakucheka. "Haya kaka. Bora awe mzima mbali kuliko kuumwa karibu."

Zulfa alikuwa chini anapanga vifuniko vya soda. Akaniangalia. "Dada, na wewe unakuja?"

Mtu mwingine angesema neno pale pale. Mimi niliingia chumbani nikafungua daftari langu.

Naandika kila siku tangu kidato cha kwanza. Sina mambo makubwa, naandika nani kanisema, nimekula nini, Zulfa kalalaje. Nikaanza kusoma kurasa za nyuma, kusema kweli nilikuwa natafuta pa kulia tu. Karibu kila ukurasa: "Zulfa kakohoa." "Zulfa kakohoa mara kumi na moja."

Halafu nikafika mahali ambapo haikuandikwa. Usiku tatu mfululizo.

Nikasoma vizuri. Ile wiki chaga za kitanda chetu zilivunjika, tukalala kwenye mkeka sebuleni mpaka Baba alipopata mbao.

Sebuleni. Korogwe hii hii.

Nilisoma mara nne. Kama mwenye jina hapataki Korogwe, mbona alivumilia sebuleni?

Hapa niwaeleze chumba chetu, maana bila hivyo hamtaelewa. Tuna shamba la mahindi Kang'ata. Kila mavuno magunia yanakuja Korogwe, na kwetu akiba ya chakula haikai mbele ya macho ya watu. Mgeni hatakiwi kuona mna gunia ngapi. Na mgeni haingii chumba cha mabinti. Kwa hiyo magunia yote yanapangwa chumbani kwetu, ukuta wa nyuma, kutoka sakafuni mpaka karibu na bati, yamebanana na ukuta, na kitanda chetu kimebanana na magunia. Ukuta ule hakuna aliyeuona zaidi ya miaka miwili. Gunia la mbele likiisha, la mavuno mapya linaingia.

Harufu ilikuwepo. Tuliizoea. Tulijua ndiyo harufu ya mahindi.

Nikapenyeza mkono kwenye kona, kati ya gunia na ukuta. Ulikuwa wa baridi, na rangi ikanibakia kwenye vidole kama maganda ya kiazi.

Ila maganda ya rangi sio ushahidi. Na ukuta aliupiga lipu Baba. Kumwambia fundi anayejengea watu nyumba kwamba ukuta wake una kasoro, tena umwambie mimi ninayeomba chumvi kwa ishara, haiwezekani hivi hivi.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Tulishafanya shuleni lile jaribio la mkate wa kuota ukungu. Mkate sikuwa nao, nikachukua ugali. Nikaweka tonge dogo kwenye vifuniko vya soda vya Zulfa, kimoja chini ya kitanda chetu, kimoja sebuleni, kimoja chumba cha wazazi. Nikasubiri cha kwetu kiote peke yake.

Alhamisi asubuhi vyote vitatu vilikuwa na manyoya meupe. Cha sebuleni ndicho kilichopendeza zaidi.

Nilitaka kuacha. Mchana nikamfuata mwalimu wetu wa Biolojia, nikamsubiri mpaka ofisi ikabaki tupu, nikampa karatasi niliyoandika kila kitu.

Akasoma. Akacheka kidogo, sio vibaya.

"Wewe, mbegu za ukungu zipo hewani kila mahali. Ugali utaota hata ukiuweka msikitini. Usitafute ukungu. Tafuta maji, ukungu utaukuta hapo hapo."

"Nitayatafutaje, Madam?"

"Una nailoni ya kujaladia madaftari? Bandika kipande ukutani, ziba kingo zote nne hewa isipite. Kaa siku mbili. Maji yakiwa upande wa ndani, unaogusa ukuta, basi yanatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje ni mvuke wa chumbani tu. Na usibandike sehemu moja pekee, utajidanganya."

Wakuu, nailoni ninayo tangu darasa la tano.

Alhamisi saa kumi na moja jioni nikakata vipande vinne. Kimoja kwenye ule upenyo wa kona nyuma ya magunia, kimoja chumbani kwetu ukuta wa mlangoni, kimoja sebuleni nyuma ya pazia, kimoja chumba cha wazazi nyuma ya mlango. Solatepu ya kawaida ilidondoka kwenye kona yetu mara mbili, haishiki. Nikaiba ile nyeusi ya umeme kwenye mfuko wa Baba. Hiyo nimeshaungama.

Ijumaa sikugusa. Mama alikuwa anafunga nguo za Zulfa kwenye begi langu la zamani. Usiku alikohoa, nikamshika mgongo, naiangalia ile kona gizani kama itaniambia.

Jumamosi asubuhi nikapitia vyote. Sebuleni pakavu. Kwa wazazi pakavu. Mlangoni kwetu pakavu. Kwenye kona, nailoni imekuwa nyeupe, ina matone upande wa ndani, mengine yameshaanza kutiririka.

Saa tano Mjomba akafika. Alipewa lifti na kirikuu cha jirani yake, kile kigari kidogo cha mizigo, kilicholeta mbaazi mjini na kinarudi jioni. Baba siku hiyo hakwenda Segera. Wakakaa sebuleni wanakunywa chai, begi la Zulfa lipo mlangoni.

Nikasimama na daftari langu. Nikasema shikamoo, ikaitikiwa, halafu sauti ikaishia hapo. Nikamnyooshea Baba daftari.

"Miwani sina. Mhina, hebu soma wewe."

Mjomba akafungua anapopajua yeye. Akasoma kwa sauti, "Leo Baba kanigombeza sababu ya chumvi. Nikiwa na kwangu nitapika bila chumvi kabisa, tuone."

Walicheka mpaka Mama akaja kutoka jikoni. Nilitamani sakafu inimeze. Na mle ndani kuna kurasa, wakuu, ambazo Mjomba angezifikia ningehama mkoa.

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikamnyang'anya. Nikafungua ukurasa wa chaga nikasoma mwenyewe. Usiku tatu sebuleni, Zulfa hakukohoa. Usiku wa nne chumbani, mara saba. Nikasoma na nyingine. Sauti ilikuwa ndogo ila ilikuwa inatoka.

Baba akaweka kikombe chini. "Unasema ukuta wangu unatoa maji?"

"Sisemi mimi, Baba. Twende ukaangalie nailoni."

Nikawapitisha kipande kimoja kimoja, vikavu kwanza. Kwenye kona Baba akabandua mwenyewe, akapitisha kidole, akakiangalia kidole muda mrefu.

"Mhina. Nisaidie haya magunia."

Walivyotoa la tatu harufu ilitusukuma mpaka koridoni. Walivyotoa yote, ukuta ulikuwa mweusi kutoka sakafuni mpaka kifuani kwangu, rangi imevimba na kupasuka, na umbo la kila gunia limejichora pale. Mto wa Zulfa ulikuwa hauko mbali na pale hata kwa mkono mmoja.

Baba akatoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba. Huko ndiko Mama alikootesha migomba yake, imebanana na ukuta huo huo, na maji ya bafuni yanaelekezwa pale miaka yote. Mikungu yake inasifiwa mtaa mzima.

Akarudi.

"Hiki chumba nilikiongeza mwaka aliozaliwa Zulfa," akasema, anamwambia Mama lakini anaangalia ukuta. "Nilikuwa na haraka. Kwenye msingi sikulaza nailoni ya kuzuia maji yasipande."

Mjomba hakumwacha. "Shemeji, nyumba za watu unalaza nailoni, watoto wako unawalaza kwenye jaruba la mpunga."

"Sema tu."

"Nasema. Mganga hajigangi."

Baba akacheka kwa shida, halafu akanigeukia. "Na ile tepu yangu ulitumia kiasi gani?"

Magunia mawili ya chini mahindi yalikuwa yameshikana kijivu. Mama akasema tuyaanike, jua kali, yatakuwa sawa. Nikasema hapana. Nikasikia ni mimi nimesema. Madam alitufundisha sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuanika wala kwa kupika, na hata kuku hapewi. Yanauma, ni jasho la shamba zima, lakini tukayafukia. Yaliyo mazima yakapandishwa kwenye kirikuu yarudi Kang'ata mpaka tupate pa kuyaweka.

Kwa hiyo Mjomba alikuja kuchukua mtoto akaondoka na mahindi.

Kabla hajaondoka alimpigia Bibi, akamweleza yote. Bibi akasema, "Basi mwenye jina alikuwa anakataa chumba, si mji. Kawaambia miaka hiyo yote, hamsikii. Afadhali huyo mkubwa anaandika."

Sikumbishia, wakuu. Kwa namna fulani nimemwelewa.

Nililojifunza: harufu mliyoizoea bado ni harufu. Mgonjwa akipona kila akihama chumba, kipelelezeni chumba kabla hamjamhamisha yeye. Nailoni bandikeni sehemu kavu pia, ili muwe na cha kulinganisha. Magunia na makabati yaacheni mbali na ukuta, mkono upite. Mkiukuta ukungu msiufagie ukiwa mkavu, zibeni pua, mtoto akae mbali, na hospitali muende vilevile, tumeshampeleka tena na safari hii Mama alijibu vizuri. Na kama una mdogo wako anaumwa, andika. Hata kama hujui unaandika nini.

Mafundi mliomo humu, naomba ushauri: ukuta uliokosa nailoni kwenye msingi unatibiwaje bila kuubomoa? Baba anasoma majibu, ingawa atasema hasomi. Na waliowahi kupima kwao kwa njia nyingine waweke hapa, sijui kila kitu.

Nimalizie na Jumapili asubuhi.

Tulilala sebuleni. Niliamka wa kwanza, nikabandua ile nailoni ya nyuma ya pazia, kavu kabisa, nikajaladia daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nikaandika: Zulfa kakohoa mara mbili. Nikaangalia alivyolala kifudifudi, mdomo wazi, nikaongeza: tu.

Nje Baba alikuwa ameshakata migomba miwili, Mama amempa mgongo asione. Baba alikuwa anavuta kamba kwenye vigingi, ya kunyooshea mtaro wa kupeleka maji ya bafuni mbali na nyumba.

"Njoo ushike huku," akaniambia.

Nikashika, nikaitazama kamba kwa jicho moja kama anavyofanyaga yeye.

"Baba, imepinda."

Akaniangalia. Akang'oa kigingi, akapiga upya.