Malaria ya Katuni ya Kijapani

Stori hii inaniumbua, basi tu. Juzi mpwa wangu alikuwa anaangalia katuni ya mapenzi ya Kijapani, msichana akaiva mashavu kwa aibu, nikacheka mpaka chai ikanitoka puani.

Utotoni, pale kijijini Kihanga, niliona moja kwenye kibanda cha video, jenereta linanguruma, petroli inanuka, maneno sielewi hata moja. Alasiri nikawasimulia wenzangu tukianua kahawa, hasa binti mmoja, Koku, maana nilitaka anione mjanja.

"Picha kali, ila yule dada ana malaria! Akimwona yule kaka tu, uso unaiva, maneno yanamkwama, anakimbia. Na hakuna wa kumpa hata klorokwini!"

"Maskini!" wenzangu wakasema.

Koku akanikazia macho. Nikababaika, nikamwaga ungo mzima wa kahawa.

"Pole," akasema. "Na wewe yako imeanza lini?"