Kamba ya Ngamia Kwenye Baiskeli Yangu

Najua mtacheka, na sina haki ya kuwazuia, maana siku ile walicheka hata waliokuwa wameshika bunduki. Ila mjue kwamba kwa miaka mingi nimekataa kulisimulia jambo hili, na hata mke wangu alilisikia kwa watu wengine kwanza, akaniuliza kama ni kweli, nami nikajifanya nimeshikwa na usingizi.

Nilikuwa mwalimu kule Galbet wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa Kisomali waliotaka kujitenga na Kenya, siku hizo Galbet ikiwa bado nje kabisa ya mji wa Garissa. Nilikuwa kijana wa bara, kutoka Machakos, mnene. Sisemi mnene kidogo. Mzee Hirsi, mnunuzi wa ngozi aliyekuwa jirani ya shule, aliwahi kunipima kwa mzaha kwenye mizani yake na ndoano ikapinda, akakaa wiki nzima akilalamika kuwa nimemharibia kazi. Sasa mtu wa namna hiyo mpe baiskeli, halafu mpe upepo wa Garissa unaokuja na mchanga wake. Nikikaa wima, kifua na tumbo vilikinga upepo wote, nikawa napiga pedali mpaka jasho linaingia kwenye soksi na mbuzi ananipita (mbuzi, jamani, tena anatembea tu).

Nilikuwa nimeona kwenye gazeti kuukuu picha ya waendesha baiskeli wa mashindano, wameinama mpaka kidevu kinakaribia usukani, nikasema kumbe dawa ndiyo hii, nikaugeuza usukani wangu chini juu ili mikono ishuke. Siku ya kwanza kila goti lililopanda lilinipiga tumboni, kulia, kushoto, kulia, kushoto, nikafika sokoni nikitaka kutapika. Nikapandisha kiti, nikatanua magoti kwa nje ili tumbo lipate nafasi yake katikati, na kwa kuwa ncha ya kiti ilikuwa inanichoma mahali ambapo sitapataja, nikaiinamisha mbele kidogo. Na hapo, cheka usicheke, ilifaa! Upepo ulipita juu ya mgongo, nikapumua vizuri, hakuna kilichouma. Kasoro ilikuwa moja: kiti kikiinama, mtu mnene huteleza mbele, na mikono ikabeba mwili wote mpaka ikafa ganzi.

Basi ikafika asubuhi ya msafara. Wakati ule hakuna aliyesafiri peke yake. Magari yalikusanyika kwenye kizuizi karibu na daraja, yakaondoka pamoja na askari wao, na ukiukosa msafara ungoje wa baadaye, ambao hakuna aliyejua ni lini. Karatasi za mtihani wa mwisho za watoto wetu kumi na mmoja zilipaswa kwenda nao Nairobi. Gari la kuja kuzichukua halikuja. Mwalimu mkuu akanikabidhi bahasha kubwa iliyopigwa lakiri nyekundu, akaniambia msafara unatoka saa tatu, na kwamba lakiri ikivunjwa njiani mtihani wote umefutwa. Watoto wale walikuwa wamesoma mwaka mzima huku milio ya risasi ikisikika, wengine wakija bila kula. Nikaifunga bahasha kwenye keria.

Mzee Hirsi akaniona nahangaika na kile kiti. Akaja na kipande cha mkeka wa kutandika ngamia, akakikunja juu ya kiti, akaniambia nipande, kisha akachukua kamba, akaizungusha kiunoni mwangu na kunifunga kwa nyuma ya kiti, fundo likakaa ubavuni. Akasema, kwa Kiswahili cha kwao ambacho "pia" huwa "bia", "Mwalim, mzigo ukitelemka mbele ngamia nakataa kutembea. Wewe bia ni mzigo." Nikajaribu kuinama, sikuteleza hata kidogo, nilikuwa kama nimekaa kwenye kochi. Akaanza tena, "Sasa sikia, hii kamba..." nami nikamkatiza: najua, mzee, najua, nimechelewa, nisukume. Akanisukuma. Hayo "najua" mawili ndiyo yaliyoniponza.

Niwaambie ukweli, sijawahi kuendesha vile maishani. Nilipasua upepo, kichwa chini, magoti nje, nikiona tairi ya mbele tu na murram inayokimbia, nikajisifu moyoni kwamba hata wale wa gazetini wangeniuliza siri. Kwa kuwa kichwa kilikuwa chini sikuona kizuizi mpaka nilipoona buti. Nikakamata breki zote mbili. Koplo mwenye zile buti akaniamuru nishuke.

"Afande, siwezi," nikasema.

Akaamuru niinue mikono. Ninyi mngefanyaje? Nikaiinua, na baiskeli, isiyokuwa na mwenyewe tena, ikalala chini taratibu pamoja nami, mguu mmoja chini ya chuma na mwingine juu hewani, suruali ikapasuka kutoka mbele hadi nyuma, mbele ya msafara mzima: makarani, wake za maafisa, wafanyabiashara, na walimu wenzangu wawili waliokuwa wanakwenda likizo.

Koplo akaona kamba, akaona mkeka, akaona mzigo kwenye keria, akachomoa kisu ili afungue bahasha. Nikapiga kelele mpaka afisa wa msafara akaja. Nikamweleza habari ya lakiri nikiwa vilevile chini, mchanga mdomoni. Akanisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Nani alikufunga?"

Jamani. Ningetaja jina la Msomali mbele ya bunduki zile, siku zile? Mzee wa watu angelala ndani kwa sababu ya tumbo langu.

"Nilijifunga mwenyewe, afande. Nisiteleze. Mimi ni mnene."

Lori la kwanza likacheka, la pili likauliza limecheka nini, likaambiwa, nalo likacheka. Afisa hakucheka. Akaniambia kama nilijifunga mwenyewe basi nijifungue. Nikavuta ncha ya kamba, fundo likakaza. Nikavuta tena, pumzi ikakata. Uso wake ukabadilika, na kisu cha koplo kikarudi kwenye lakiri. Nikaona mwaka wa watoto unakwisha, nikaanza kulia, mtu mzima mimi, suruali wazi.

Ndipo akatokea mama mmoja muuza maziwa, mama yake Fatuma wa darasa langu, mmoja wa wale kumi na mmoja. Akaweka vibuyu vyake chini, akainama, akavuta ile ncha nyingine mara moja tu. Kamba ikafunguka yote.

Afisa akamwuliza inakuwaje mtu ajifunge fundo asilolijua. Mama akajibu bila haraka, "Mwalim nafundisha watoto wetu, watoto bia nafundisha yeye fundo la ngamia. Kufunga amejua. Kufungua bado."

Afisa akacheka mwishowe. Akaichukua bahasha, lakiri nzima, akaiweka ndani ya gari lake mwenyewe, wakaondoka.

Nilirudi nikisukuma baiskeli, mkeka nimejifunga kiunoni kuficha aibu. Mzee Hirsi alikuwa mlangoni. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, akasema ngamia akianguka na mzigo ni lazima afunguliwe haraka, kwa hiyo fundo lina ncha mbili, moja ya kukaza na moja ya kufungua. "Nilitaka kusema, mwalim."

Fatuma aliitwa shule ya sekondari mwaka uliofuata. Alipokuja kuniaga alinishika mkono kwa adabu, na mama yake, aliyesimama nyuma, akavuta kwa vidole viwili ncha ya kamba isiyokuwepo, akatazama pembeni.

Baiskeli niliiuza. Na tangu siku ile, mtu akiniambia "sasa sikia," hata kama ananieleza jina langu mwenyewe, mimi nanyamaza mpaka amalize.