Ukingo wa Mto Uliofyekwa kwa Ajili ya Mgeni

Mimi sina subira, na sijawahi kudai ninayo. Lakini siku ile mkaguzi wa cheti alipokuja Kisondela, wasio na subira tulikuwa wengi.

Tulikuwa tunalima nyonyo. Mbegu zake zinakamuliwa mafuta ya kuendeshea magari huko ng'ambo, na wanunuzi hawagusi hata punje mpaka mkaguzi athibitishe kwamba hatukukata msitu wala miti ya kando ya mto. Cheti kilikuwa kimoja kwa kikundi kizima. Shamba moja likiharibu, wote tumekwisha.

Ila sisi Wanyakyusa mgeni akitangazwa tunashika ufagio. Shamba la kaka yangu mkubwa lilikuwa la mwisho kule mtoni, na aliona aibu mgeni akute vichaka. Katazo alilisikia mkutanoni, akaelewa ni la wanaopanua mashamba. Yeye hapanui, anasafisha. Juma zima akafyeka ukingo, akaangusha na mikuyu, akachoma moto. Tulipofika na mkaguzi majivu yalikuwa bado yanafuka, na kaka amesimama katikati yake, kavaa shati la kanisani, anatabasamu.

Mkaguzi, binti mpole wa mjini, alipiga picha. Akasema kwa sauti ndogo kwamba kwa hali hii kikundi hakipati cheti, kisha akapanda gari lake akaondoka.

Aliyeanza ni baba mdogo, mwenyekiti wetu. Alimpiga kaka mpini wa jembe mgongoni.

"Baba, nimekosa nini?" kaka akauliza, na mpini wa pili ukamkuta mdomoni.

Wengine wakaingia. Watu ninaoimba nao kwaya, jamani, wakawa wanamkanyaga kichwa ndugu yangu kwenye majivu ya moto. Walikuwa wanamuua, na walijua. Nikaokota panga lake. Nikampiga baba mdogo shavuni kwa bapa, akaenda chini, na kama angeinuka ningegeuza makali. Simung'unyi maneno hapo.

"Atakayemgusa tena namkata," nikasema. "Aanze anayejiona mwanamume."

Wananijua. Wakarudi nyuma, mmoja mmoja, wakihema.

Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nikimshikilia, damu yake ikinilowesha kifuani njia nzima mpaka hospitali Tukuyu. Mkono ulikuwa umevunjika sehemu mbili. Jicho la kushoto, daktari aliniambia pembeni, halitaona tena.

Nilipoingia wodini kaka alikuwa macho. Midomo ilikuwa imevimba, ikabidi niiname nimsikie. Nilidhani atauliza habari za jicho, au nani alimpiga.

"Yule mgeni," akasema, "ameondoka bila kula? Shemeji yako alishapika ndizi na kuku."

Hasira yote niliyokuwa nayo kwa wale watu ikamgeukia yeye. Nikatoka nje haraka, nisije nikampiga.