Beseni la Mzee Bushta

Mzee Bushta alikuwa ameitundika leseni yake ukutani, pale ambapo wenzake hutundika picha ya Makka. Aliitia kwenye fremu ya dhahabu ya bandia, akaifunika nailoni isiharibiwe na moshi wa jiko. Mgeni yeyote aliyekuja kunywa chai ya nanaa alilazimika kusomewa kwanza, ingawa Bushta mwenyewe hakujua kusoma hata jina lake. Leseni ile aliihifadhi kama sura ya Kurani. Mkulima halali wa bangi ya dawa! Miaka arubaini mizima alikuwa akikimbizana na askari kwenye misitu ya mierezi juu ya Ketama, kaskazini mwa Moroko, kwa kosa la kulima mmea huo huo, shamba hilo hilo, kwa jembe hilo hilo. Siku moja serikali ikaamka ikagundua kwamba kumbe ni dawa. Haya, alhamdulillahi, bora kuchelewa.

"Mimi nalima dawa bwana," alikuwa akijigamba msikitini, sokoni, popote penye masikio. "Wagonjwa wa Ulaya wananiombea dua."

Mgonjwa wa nyumbani kwake hakuwa na habari ya dua hizo. Munir, mwanawe wa pekee, kijana wa miaka ishirini na minne, mwaka uliopita alikuwa amevuta hashishi ya ile mbegu mpya ya kigeni, kali kama pilipili, asubuhi, mchana na jioni, mpaka akaanza kuamini kwamba kuku wa mama yake wanampelekea askari habari zake. Bushta akasema ni nyanya za dukani, zina dawa nyingi. Nyanya zikaachwa, kuku wakaendelea na upelelezi wao. Basi akasema ni majini. Fakihi akaja, akaandika kombe, Munir akanywa, akala na hirizi nusu. Ilipofika asubuhi ambayo Munir alichinja kuku kumi na mmoja kwa mpigo ili kuharibu ushahidi, ndipo Bushta akakubali kumpeleka hospitali ya mjini.

Daktari Sanaa, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, aliwaeleza wazi. Bangi imemvuruga kijana akili. Asivute tena maisha yake yote, na vidonge asiache.

"Bangi?" Bushta aliona ametukaniwa mama. "Daktari, babu yangu kavuta kiko miaka sitini. Kafa ana meno yake yote!"

"Babu yako si Munir," daktari akajibu, akaendelea kuandika.

Nisiseme uongo, Munir alijitahidi. Kuacha bangi katika kijiji ambacho bangi imepandwa mpaka kwenye kizingiti cha mlango, huo si mchezo. Aliacha. Kufikia kiangazi alikuwa anacheka tena, na kwa mkono wake alimnunulia mama yake kuku wapya, akawapa majina. Hofu yake ilikuwa moja tu. Daktari alimwambia, "Siku ukisikia kitu ambacho wengine hawakisikii, usikae nyumbani. Njoo." Kwa hiyo kila mara mbwa alipobweka, Munir aliuliza kwa utani, "Jamani, huyo mbwa ni wetu sote au ni wangu peke yangu?" Na wote walicheka, wakamwambia ni wa wote.

Mavuno yakaja. Sheria ya ushirika, ulionunua bangi ya wenye leseni, ilikuwa nyepesi hata mbuzi angeielewa: mkulima alete bangi yake kavu, nzima, na utomvu wake wote. Ngoma marufuku. Ngoma zenyewe ndizo hizi: mtu huchukua beseni, akalivika kitambaa chepesi, akapanga bangi kavu juu, akaifunika nailoni, halafu akaipiga kwa vijiti viwili, taka-taka-tak, taka-taka-tak, mpaka unga wa hashishi uchujike na kudondoka chini. Zamani milima yote ya huko ililia hivyo msimu mzima. Bushta aliweka dole gumba kwenye karatasi, akaapa kwamba beseni lake sasa ni la kufulia.

Dole gumba liliapa, vidole vingine tisa havikuhusishwa. Ushirika ulikuwa unalipa kwa ahadi, na ahadi haitiwi kwenye chai. Tena, tusimsingizie njaa, Bushta alikuwa akiipenda tu ile kazi. Hakuna aliyekuwa na mkono kama wake milima ile. Basi kila siku baada ya chakula cha mchana, Munir akishameza kidonge chake na kujilaza, mzee aliteremka kwenye zizi la chini ya nyumba, akajifungia na mbuzi, akapiga. Polepole tu, kidogo tu, magunia yasionekane yamechoka. Mkewe, Batuli, alikaa mlangoni akichambua maharage, macho barabarani.

Siku ya tatu Munir akatokea, nywele zimesimama.

"Mama, kuna mtu anapiga ngoma?"

Batuli hakuinua uso. "Ngoma gani, mwanangu?"

Na hapa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo penye upumbavu wetu. Katika milima ile mtoto hufundishwa kutosikia kabla hajafundishwa kutembea. Askari akija akiuliza, "Nani anapiga?" jibu ni moja: "Ngoma gani?" Si uongo, ni adabu. Mtu anaweza kuwa amekaa juu ya beseni lenyewe, na jirani yake akakuapia kwamba siku nzima kumekuwa kimya. Siku za nyuma Munir naye angejibu hivyo hivyo. Lakini baba yake alikuwa ameapa mbele ya watu, leseni iko ukutani, na ugonjwa umemfundisha kutojiamini. Ikawa adabu ya kijiji imemgeukia mwenyewe.

Akaenda kwa jirani yao, Ami Hadu, mtu aliyembeba mgongoni utotoni.

"Ami, niambie kweli. Hapo mchana hukusikia kitu kama ngoma?"

"Ngoma?" Ami Hadu alikuwa amesikia vizuri mno, hata alikuwa amesifia moyoni ule mkono. "Hapana, mwanangu. Ni upepo labda. Kapumzike."

Akamuuliza muuza duka, mwadhini na shangazi yake. Wote ni watu wema, wote wanampenda, na hakuna aliyesikia. Baada ya juma moja Munir aliacha kuuliza. Akaacha na kula, hata bisara, uji wa maharage wenye mafuta ya zeituni aliokuwa akiulamba mpaka bakuli ling'ae. Wale kuku wake akawa anawatazama kwa mbali, kama mtu anayeogopa deni la zamani.

Wakarudi mjini. Munir alimweleza daktari bila kuficha: kila mchana ngoma, mapigo matatu matatu, kutoka chini ya ardhi. Daktari Sanaa akamgeukia mzee.

"Na nyinyi nyumbani mnasikia chochote?"

Hapo sasa. Mlango ulikuwa wazi, ukweli ulikuwa na maneno mawili tu. Bushta akakumbuka fremu ya dhahabu. Akakumbuka kwamba daktari ni mtu wa serikali, na leseni ni ya serikali, na serikali ni moja. Akakohoa.

"Sisi? Hapana, daktari. Kimya kabisa."

Daktari akaongeza vidonge maradufu. Ikiendelea, akasema, Jumatatu wamlete alazwe, na safari hii huenda akakaa miezi. Njia nzima ya kurudi mzee alisifia mandhari, mtu aliyeyaona mandhari hayo kila siku tangu azaliwe.

Mnadhani aliacha ngoma? Aliacha siku moja. Mazoea yana tabu. Siku ya pili akajiambia atapiga taratibu zaidi, dawa mpya ni nzito, mtoto hatasikia. Alipotoka zizini, unga ungali kwenye kope, akamkuta Munir chumbani anakunja nguo. Alikuwa ameweka kwenye mfuko wa safari soksi mbili, kitana, taulo, na msahafu mdogo.

"Unakwenda wapi?"

"Kulazwa, baba. Nimesikia tena." Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililomkata mzee maini. "Usimwambie mama mpaka Jumatatu. Na wale kuku mpe Ami Hadu. Sitaki nije niwadhuru tena."

Bushta akaketi sakafuni.

"Munir. Ni mimi. Nilikuwa nikipiga mimi, kule zizini. Wallahi ni mimi."

Munir akamtazama kwa huruma, huruma ya mtu mzima kwa mtoto.

"Baba, usinibembeleze. Juzi kwa daktari kimya, leo ni wewe? Umeona nakwenda, ndiyo maana."

"Njoo nikuonyeshe beseni!"

"Beseni liko kila nyumba. Hata ukipiga mbele yangu, nitajuaje kama napigiwa na wewe au na kichwa changu? Wote mnanipenda, wote mtasema ndiyo." Akafunga zipu. "Mimi sasa nitamwamini mtu asiyenipenda tu."

Usiombe kuambiwa neno kama hilo na mwanao. Bushta alikaa nalo siku mbili. Akatafuta kichwani, katika kijiji kizima, mtu asiyempenda Munir na asiyekuwa na adabu ya kutosikia. Akampata mmoja.

Jumamosi asubuhi Bwana Zuheri, mkaguzi wa ushirika, alifika na mizani, kalamu sikioni. Akapewa chai, akaisifia leseni kama kawaida. Majirani walikuwa wamekaa juu ya mapaa yao wakianika mahindi na kutazama. Bushta akaingia zizini, akatoka amebeba beseni lililovikwa kitambaa, akaliweka katikati ya ua. Akapanga bangi juu, bangi ya ushirika, akaifunika nailoni, akachuchumaa.

"Mzee, nini hicho?" Zuheri akauliza.

Taka-taka-tak. Batuli akajipiga mashavu. "Yarabi, mume wangu ametuua!" Taka-taka-tak. Munir akatoka mlangoni, mfuko begani, uso umepauka.

"Bwana Zuheri," akasema, "samahani. Unasikia kitu chochote?"

"Nasikia kitu?" Zuheri alikuwa amesimama, chai imemmwagikia surualini. "Nasikia ngoma, ndugu yangu! Sina uziwi mimi! Baba yako ameingiwa na wazimu?"

"Mapigo matatu matatu?"

"Matatu, manne, najuaje! Mzee, leseni hiyo sasa huna!" Akageuka, akamwona Ami Hadu juu ya paa. "Wewe mzee, njoo uwe shahidi. Umesikia au hukusikia?"

Ami Hadu alijua jibu, alilijua tangu akiwa hajaota meno. Neno moja tu, na leseni ya rafiki yake ingebaki ukutani: mkaguzi peke yake dhidi ya paa ishirini. Akafungua mdomo. Akamwona Munir pale chini na mfuko wake.

"Nimesikia," akasema. "Na siku ile uliyoniuliza. Na juzi. Kila mchana nasikia, mwanangu. Unisamehe."

"Hata mimi," akasema shangazi kutoka paa la pili, analia. Mwadhini akainua mkono tu.

Munir akaweka mfuko chini, akaketi juu yake, akafunika uso kwa viganja. Mabega yakamtikisika, na hatukujua kama anacheka au analia, mpaka akaomba apewe mkate.

Zuheri aliondoka na leseni, fremu na yote. Jumatatu Bushta alimpigia simu daktari, akaungama kila kitu, beseni, zizi, mbuzi, akisubiri kufungwa pingu kwa njia ya simu. Daktari Sanaa aliuliza maswali mawili tu.

"Na majirani walisikia?"

"Kijiji kizima, daktari."

"Na kijana alipowauliza, wote walimwambia hakuna kitu?"

"Wote."

"Basi vidonge tuvirudishe kama zamani, na Munir abaki nyumbani," daktari akasema. "Wa kuletwa kwangu ni nyinyi."