Makaa ya Mashudu

Juma lililopita, nikingoja gari la moshi stesheni ya Dodoma, nilimwona askari akinyakua kikapu cha mama mmoja wa Kigogo anayewauzia uji vibarua wa reli. Wadachi, Wajerumani wanaotutawala, wamekataza kukata miti huku, na kikapu kilikuwa kimejaa makaa.

"Umekata mti gani?" askari akauliza.

"Sijakata mti, bwana. Ni mashudu ya karanga. Nikishakamua mafuta, nayatia chunguni, naziba kwa udongo, nayachoma hadi yawe meusi."

"Mashudu hulishwa mbuzi. Twende bomani."

Mama hakusogea. Alieleza kwamba mwanzoni yaligeuka majivu, kisha yakatoa moshi mtupu, lakini uji ndio unaowalisha wanawe, basi akaendelea kujaribu. Akachukua bonge moja kikapuni, akalitia mekoni. Likashika moto polepole, likawaka vizuri, na harufu ya karanga zilizoungua ikatufikia sote.

Askari alilitazama, akarudisha kikapu. "Nipe uji," akasema.

"Subiri uive," mama akajibu, akichochea.

Bomani wanajua sana kukataza kuni. Hawajatuambia tupikie nini, na mama huyu hakungoja kuambiwa.